Mnyama Alipokuja Ruangwa

Nikiulizwa ni mechi gani iliyonikaa moyoni kuliko zote nilizoziona kwa macho yangu, hutaja mechi ambayo haikuwa na bao hata moja. Watu hunicheka. "Kaka, wewe ulikwenda uwanjani au msibani?" Nawaacha wacheke, kisha nawaambia: Namungo na Simba, tarehe 8 Julai 2020, Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa. Sifuri kwa sifuri. Mtu wa Kusini akisikia hivyo hutikisa kichwa tu, ameshaelewa. Asiye wa Kusini asogeze kiti, nimweleze.

Mimi ni mtu wa Kiegei, wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kwetu ni mikorosho, ufuta na mbaazi, na barabara ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Ruangwa ni jirani zetu. Tunaoana, tunazikana, na kwenye minada ya ufuta tunaulizana bei. Lakini mpira mkubwa ulikuwa mbali nasi wote. Waingereza walipoanzisha ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, walijenga bandari Mtwara na reli ya kuja hadi Nachingwea. Mradi ukafa baada ya miaka michache, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huwa najiuliza, ile reli ingebaki, wazee wetu wangepanda mara ngapi kwenda kuangalia mpira pwani wakarudi kesho yake na hadithi? Haikubaki. Ikabaki redio.

Redio ya kwetu ilikuwa ya mjomba. Kwa sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye neno kwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo hata mapenzi ya Simba niliyapata upande wa mama. Baba yangu alikuwa Yanga kindakindaki na hakuwa na la kufanya. Jumamosi na Jumapili alasiri mjomba aliitundika redio kwenye tawi la mwembe, betri ameshazianika juani tangu asubuhi, na wanaume wa mtaa mzima wakakaa chini kumsikiliza Ahmed Jongo au Charles Hilary. Wale watangazaji wa Redio Tanzania walikuwa na uwezo wa kukufanya uuone mpira ukivuka mstari wa katikati na wewe umekaa Kiegei unamenya muhogo. Hapo ndipo nilipoisikia, sikuiona, fainali ya Kombe la CAF ya Novemba 1993, Simba na Stella Abidjan. Ugenini tulikuwa tumetoka bila kufungana. Nyumbani, Dar es Salaam, nchi nzima ikisubiri kombe, tukafungwa 2-0. Baba alivuka uwanja wa nyumba kuja kumpa mjomba pole huku ameuma mdomo asicheke. Mjomba alizima redio, akaiingiza ndani, na wiki nzima haikutoka.

Nayasema haya kwa sababu mpira wa redio ni mtamu lakini ni mpira wa mtangazaji. Anakupa mpira ulipo. Televisheni nayo ni hivyohivyo, kamera inafuata mpira. Uwanjani ndiko jicho lako linakuwa mali yako. Unaweza kumwangalia beki wa kulia dakika kumi nzima bila kujali mpira uko wapi, ukaona anavyomchungulia winga, anavyojifanya amesahau, anavyomvuta jezi mwamuzi akigeuka. Hayo hutayasikia redioni, na ndiyo yanayonifanya nipande gari usiku.

Uwanja wangu wa kwanza, bila shaka, ni wa kijijini. Ndondo za kwetu huchezwa watu wakiwa na hela, ufuta ukishauzwa au korosho zikianza kulipwa. Zawadi ni mbuzi. Mwaka wa neema ni ng'ombe. Magoli ni miti mitatu, wavu hakuna, kwa hiyo kila bao lina kesi yake. Mashabiki wanazuiwa kwa kamba ya katani ambayo kufikia kipindi cha pili imeshasogea ndani ya uwanja hatua kadhaa, na winga anakimbia huku akipishana na watoto. Na kuna kamati ya ufundi. Msikilizaji unaijua kamati ya ufundi, usijifanye mgeni. Ni wale wazee ambao hawajui kuotea ni nini wala kona inapigwa upande gani, lakini timu haiingii uwanjani mpaka waseme ipitie wapi. Nimeshuhudia timu ikikataa njia iliyo wazi, ikazunguka shamba la watu, ikatokea nyuma ya goli kupitia kwenye mbaazi, wachezaji wamejaa upupu. Wakafungwa manne. Jioni kamati ikaeleza kuwa ule upupu ulitumwa.

Usidharau ndondo lakini. Pale ndipo nilipojifunza kuangalia. Timu zilikuwa zinaleta mamluki kutoka Nachingwea mjini, vijana wenye viatu, na sisi tuna mafundi wetu wa peku. Alikuwepo kijana mmoja, sitamtaja, mfupi, mkulima wa ufuta kama sisi, ambaye akipokea mpira uwanja wote unanyamaza. Hakuwa na mbio. Alikuwa anasubiri. Anamsubiri beki mpaka beki aone aibu kusubiriwa, akirusha mguu tu, tobo. Nimewaona wachezaji wakubwa baadaye kwenye majani mazuri, nimewaona wenye mishahara ya mamilioni, ila kule kusubiri kwa yule kijana sijakuona tena kwa mtu yeyote.

Tuje kwenye ligi. Kwa muda mrefu Kusini tulikuwa wa kuhesabu majina ya zamani: Bandari ya Mtwara, Kariakoo ya Lindi. Mwaka 2014 Ndanda ikapanda Ligi Kuu, na Uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara ukaanza kupokea vigogo. Tulikwenda. Kutoka Kiegei ni safari ya kushuka Nachingwea, Masasi, Ndanda yenyewe, Mikindani, ndiyo ufike. Nilimwona kwa mara ya kwanza mchezaji niliyezoea kumsikia, na kitu kilichonishangaza ni kwamba alikuwa mfupi. Redioni alikuwa mrefu sana.

Halafu ikaja Namungo. Namungo ni kijiji, msikilizaji, kiko wilaya ya Ruangwa, na timu yenye jina la kijiji ikapanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20. Mbunge wa Ruangwa wakati huo alikuwa Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa Waziri Mkuu, na uwanja wa pale mjini unaitwa kwa jina lake. Maneno hayakukosekana. "Ile ni timu ya mkubwa." Nami nasema kweli, mkono wa mkubwa ulisaidia, hakuna mtu mzima anayeweza kulikataa hilo, barabara, uwanja na wafadhili haviji vyenyewe wilayani. Lakini mkubwa hapigi kona. Msimu wao wa kwanza kabisa, chini ya kocha Hitimana Thierry, walimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Nyuma ya hao watatu, yaani juu ya timu zote nyingine nchini, zikiwemo za mikoa yenye viwanda na migodi. Watu wakawabatiza Wauaji wa Kusini.

Yanga walikuja Ruangwa Machi 2020, ikaisha 1-1. Nilikuwepo, na ninachokikumbuka si mabao. Nakumbuka tulivyobanana. Bega kwa bega, mtu anakohoa kisogoni kwako na hujali, chupa moja ya maji inapita midomo mitano. Siku chache baadaye Waziri Mkuu akatangaza kusimamisha michezo na mikusanyiko kwa sababu ya korona. Ligi ililala mpaka Juni. Katika miezi ile nilikuwa nawaza ile chupa.

Basi mpira ukarudi, na ratiba ikatupa Simba mwezi wa saba. Lakini si Simba tu. Mnyama, kama tunavyomwita, alikuwa ameshatangazwa bingwa tarehe 28 Juni kule Mbeya alipotoka sare na Prisons, na ikaamuliwa kombe akabidhiwe baada ya mechi yake na Namungo. Ruangwa! Kombe la Ligi Kuu ya Tanzania, lililozoea Dar es Salaam na kamera zake, likabidhiwe kwenye mji ambao watu wengi wa nchi hii hawakuwa wakijua uko upande gani wa Lindi.

Wakati ule ufuta unauzwa, kwa hiyo hela ya kiingilio haikuwa hoja. Hoja ilikuwa usafiri. Tulitoka Kiegei usiku wa manane, kwa Fuso la mfanyabiashara mmoja wa mazao, tumekaa juu ya magunia matupu, wanaume kwa wanawake, na vijana wawili wamepakwa rangi nyekundu usoni tangu jioni kana kwamba Simba wangewakagua njiani. Nachingwea tuliungana na magari mengine. Kufika Ruangwa alfajiri tukakuta mji umeshaamka muda mrefu. Mama ntilie wamechemsha chai kwenye masufuria ya harusi. Kufikia saa nne maandazi yameisha, saa sita wali umeisha, saa nane unauziwa muhogo wa kuchoma kwa bei ya kuku na unashukuru. Jezi nyekundu kila upande. Na hapa ndipo mgeni angechanganyikiwa, maana wenyeji ni Namungo, mechi ni ya Namungo, ila ukiangalia mavazi ungeapa uko Msimbazi, nyumbani kwa Simba.

Ndivyo tulivyo Kusini, na ndivyo ilivyo mikoa yote ya nchi hii. Kila Mtanzania anazaliwa na Simba au Yanga mkononi, timu ya mkoani kwake anakuja kukutana nayo ukubwani. Mimi Simba niliirithi kwa mjomba. Namungo niliipata nikiwa baba wa watoto. Ya kwanza ni damu, ya pili ni ardhi, na siku ile viliwekwa pamoja kwenye mstatili mmoja wa majani.

Kando yangu alikaa bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, mkononi ana kikapu cha korosho za kukaanga. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe uko upande gani?"

"Bibi, leo niko pande zote mbili."

Akanitazama tangu unyayo mpaka kofia. "Mume wa wake wawili hasemi hayo hadharani. Chukua korosho."

Mechi ikaanza. Nitakuwa mkweli, haikuwa mechi ya kupigiwa mfano. Simba wana ubingwa mfukoni, hawana haraka; kocha wao Mbelgiji, Sven Vandenbroeck, alikuwa na kikosi chenye kina Chama, Kagere na Bocco, na timu ya namna hiyo hata ikicheza nusu nguvu inakutia jasho. Namungo walijipanga nyuma, wanatoka kwa kuvizia. Redioni ungesikia mtangazaji akisema mpira unachezwa katikati ya uwanja, na ungekwenda kunawa miguu. Sisi tuliokuwepo tuliona kingine.

Kuna wakati Namungo walinasa mpira na kutoka nao kwa kasi. Msikilizaji, mimi nilikuwa nimegeuka, siangalii mpira, naangalia jukwaa. Na nikaona watu wenye jezi nyekundu, mgongoni wana majina ya wachezaji wa Simba, mashabiki wa Mnyama wa kuzaliwa, wanainuka. Mmoja, wawili, kisha mstari mzima. Midomo inasema "piga, piga!" na wanayemwambia apige ni mtu wa Namungo. Mbele yangu mzee mwenye skafu ya Simba amenyoosha mkono kama anayemsukuma yule mshambuliaji mgongoni. Shuti likatoka nje. Wakakaa chini. Halafu wakaangaliana, na kicheko kikalipuka, kile cha watu waliofumaniwa. Yule mzee akaitazama skafu yake, akaivua, akaikunja, akaikalia.

Ndiyo maana nasema sijaona mechi kama ile. Hakuna aliyewaambia wasimame. Hata wao hawakujua kama wangesimama. Miaka yote tumekuwa tukiambiwa mtu wa mkoani hawezi kuwa na timu yake, kwamba akiikuta Simba au Yanga ataivua ya kwao kama kandambili msikitini. Siku ile miguu ilijibu kabla ya mdomo.

Ilipokwisha bila bao hakuna aliyelalamika. Nahodha John Bocco akalinyanyua kombe, wenyeji wakashangilia kuliko wageni, ngoma zikapigwa mpaka giza. Yule bibi alikuwa ameshamaliza korosho zake zote. Nikamuuliza, bibi, na wewe je, ulikuwa upande gani? Akasema alikuja kuuza.

Siku zilizofuata ziligeuka kuwa nzito. Tarehe 24 Julai alifariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, jirani zetu kabisa. Tarehe 29 akazikwa kijijini kwao, na siku zilezile Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam ukapewa jina lake. Siku nne baada ya maziko, tarehe 2 Agosti, Namungo wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na mpinzani ni yuleyule, Simba, safari hii Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Kutoka Kiegei kwenda Rukwa ni kuikata nchi kona kwa kona, kwa hiyo hatukwenda. Tulifungwa 2-1. Nimesema "tulifungwa", mimi mtu wa Simba. Mjomba angekuwa hai angeniita nikamweleze.

Lakini kwa kuwa Simba tayari alikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, Namungo akaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Yaliyofuata yanajulikana: wakawachapa Al Rabita ya Sudan Kusini 3-0, wakawatoa El Hilal El Obeid ya Sudan, wakafika Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, na huko mamlaka za Angola zikawazuia kwa sababu za korona, mechi haikuchezwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, Februari 2021, pale Chamazi. Ya kwanza Namungo wakashinda 6-2. Ya pili wakafungwa 3-1, wakapita kwa jumla ya 7-5. Uwanja wa Chamazi uko upande wa Mbagala, na Mbagala ndiko mabasi ya kwetu yanakofikia. Ukitafuta Mmwera, Mmakonde au Mngindo Dar es Salaam, anzia huko. Kwa hiyo tusingeweza kupata ugenini wa nyumbani kuliko ule.

Na hapa nina jambo la kusema. Ile 6-2 ndiyo ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya timu yetu barani Afrika. Niliiangalia kibanda umiza, Nachingwea. Ukiniuliza leo nieleze mabao, nitakwambia yalikuwa sita. La nne lilifungwaje? Sijui. Nani alikuwa amekaa kando yangu? Sikumbuki. Nina tarakimu tu. Ila mechi ya bila mabao ya Ruangwa nakumbuka mpaka harufu ya korosho na rangi ya kofia ya aliyekaa mbele. Kwa hiyo mtu akiniambia siku hizi hakuna haja ya kwenda uwanjani kwa sababu king'amuzi kinaonyesha vizuri zaidi, namkubalia kwamba kinaonyesha vizuri zaidi. Kukumbuka ndiko kunakonishinda.

Hatua ya makundi sitakaa nayo sana. Raja Casablanca, Pyramids, Nkana; mechi sita, hatukupata pointi wala bao. Tuliumia, lakini kijiji cha wilayani Ruangwa kufungwa na Raja Casablanca ni maumivu yanayohitaji kwanza ufike pale.

Nitataja nyingine mbili, haraka. Novemba 2021 Namungo walicheza na Yanga Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini. Yanga ile ilikuwa haikamatiki. Ilikuwa imeshinda mechi zake zote tangu msimu uanze, na ilimaliza msimu ule bila kufungwa. Obrey Chirwa, Mzambia aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga, akawafungia Namungo. Uwanja ulitikisika. Hapo sikuwa na wake wawili, nilikuwa na furaha mbili: ya Namungo kuongoza na ya Yanga kuongozwa, na ya pili, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu zaidi. Kisha mwishoni Yanga wakapata penalti, Saido Ntibazonkiza akasawazisha, na mashabiki wa Yanga wa Lindi ambao muda wote walikuwa wakijifanya wenyeji wa mji wakagundua ghafla kuwa ni Wananchi, yaani watu wa Yanga. Watani wa jadi hawafichiki mbele ya penalti.

Nyingine ni ya tarehe 24 Machi 2019, Dar es Salaam, Tanzania na Uganda. Uwanja ule mkubwa wa watu 60,000, na hesabu zilikuwa ngumu: tushinde, na Lesotho wasishinde kule Cape Verde. Tangu Lagos 1980 hatukuwa tumecheza fainali za Mataifa ya Afrika, miaka 39. Simon Msuva akafungua, Erasto Nyoni akaongeza kwa penalti, Aggrey Morris akamaliza kwa kichwa. 3-0. Cape Verde na Lesotho zikatoka bila kufungana. Ile ndiyo siku pekee ambayo nimekaa jukwaani na moyo mmoja. Nyekundu na njano walikumbatiana, niliwaona, na walikuwa hawajalewa. Ilikuwa raha isiyo na kifani. Na bado, niambieni mtakavyo, naiweka ya pili. Pale Dar es Salaam tulikuwa wengi tuliotoka mikoani kwenda kuangalia mpira kwa wenye mpira. Ruangwa mpira ulikuja kwetu, ukatukuta na kandambili zetu na muhogo wetu, na bingwa wa nchi akaogeshwa vumbi letu.

Sasa nina ugomvi na ndugu zangu wa Ruangwa na Nachingwea, na nitausema hewani kwa sababu kijiweni hawanisikilizi. Mechi za Simba na Yanga hatuna shida nazo, tunajaa pomoni. Lakini nendeni siku ya kazi, Namungo akicheza na timu isiyo na jina kubwa. Jukwaa lina nafasi ya kuanikia ufuta. Mashabiki wachache, watoto wa shule waliotoroka, askari wawili wanaopiga soga, na muuza barafu anayekuja kwako kwa mara ya tatu kwa sababu hana mwingine wa kumwendea. Watu wanasema, "Ngoja aje Simba."

Mimi mechi hizo ndizo ninazozipenda kupita kiasi. Uwanja ukiwa na watu wachache unausikia mpira. Unasikia kipa anavyowapanga mabeki wake, na matusi yake pia. Unasikia kocha akimwita winga kwa jina la utani ambalo magazeti hayalijui. Niliwahi kukaa karibu na benchi la wageni, timu kutoka bara, nikamwangalia kijana mmoja wa akiba. Alipasha misuli tangu mapumziko. Anakwenda mpaka kwenye kibendera cha kona, anarudi, anamtazama kocha. Anakwenda, anarudi, anamtazama kocha. Zikiwa zimebaki dakika za nyongeza tu, akaitwa. Akavua koti, akafunga kamba za viatu vizuri, akabusu kidole, akaingia. Hakugusa mpira. Filimbi ikalia. Nikamwona anamfuata mwamuzi kumshika mkono, kisha wachezaji wote wa Namungo mmoja mmoja, anawapa mkono kama aliyecheza dakika tisini. Hakuna kamera iliyomfuata, kwa sababu kamera ilikuwa kwa mfungaji. Mimi nilimpigia makofi, akageuka kutafuta nani anapiga, akainua mkono.

Namungo ilipanda mwaka 2019, na mpaka msimu wa 2024/25 unaisha ilikuwa bado Ligi Kuu. Ndanda iliyotutangulia ilishuka mwaka 2020. Kufadhiliwa kuna mwisho wake, kwa sababu mfadhili naye ni binadamu na vyeo vina muda. Kinachobaki ni watu wanaolipa kiingilio mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo naomba, msikilizaji wangu wa Ruangwa, wa Nachingwea, wa Liwale na hata wa Masasi: ratiba ikitoka, usikimbilie kutafuta tarehe ya Simba na ya Yanga peke yake. Chagua moja ambayo hakuna anayeizungumzia. Lipa kiingilio, vaa kofia maana jua la alasiri la Ruangwa halina adabu, na umchukue mtoto wa dada yako.